Kibuyu Nilichonyimwa

Siku ya kumi na saba mjukuu wangu Cheruto aliacha kulilia chakula, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Mtoto mwenye njaa hulia. Mtoto ambaye tumbo lake limesahau kazi hulala tu, akitazama dari na kumeza mate.

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda arobaini na watoto themanini, wawili kwa kila kitanda, miguu ya mmoja kichwani pa mwenzake. Wote walikuwa wamezaliwa baada ya Mbegu Moja. Wote walikula, na chakula kikapita ndani yao kama maji mferejini.

Binti yangu Cherono alikuwa akimpa mwanawe uji. "Mama, hebu onja kama umepoa," akasema, akaninyooshea kijiko. Kisha akakumbuka, akakirudisha kifuani upesi kama mtu aliyekaribia kushika moto.

"Samahani, Mama. Ni usingizi tu."

"Hakuna neno."

Kwa miaka kumi na tisa sijaonja uji wa mtoto wa mtu. Sijawahi kumbusu Cheruto, na ana miaka sita.

Daktari Mukoya aliniita kutoka mlangoni kwa kidole. Ni kijana, umri wa kuwa mwanangu, na tangu ugonjwa uanze amekonda kuliko wagonjwa wake. Alinipeleka kwenye chumba cha vipimo na kunionyesha kioo cha mashine.

Pale langoni, kila anayeingia hospitalini hufungulia mdomo kisomaji, kijiti chenye taa ya samawati kinachohesabu viumbe wadogo waishio kinywani. Watu wa siku hizi wana aina tatu, wakizidi nne.

"Jana asubuhi kisomaji kililia mpaka walinzi wakadhani kimeharibika," alisema. "Bibi mmoja alikuja kutibiwa jicho. Aina thelathini na moja, Mama Priskila! Bakteria wa maziwa, chachu, hata wengine ambao mashine haina majina yao. Mtu hapati kinywa kama hicho bila kunywa kwenye kibuyu kilicho hai. Unamfahamu?"

Nilisoma jina. Tapsubei, miaka themanini na mmoja.

"Ni mama mkwe wangu," nikasema. "Lakini hana kibuyu. Nyumba yake niliiandika mwenyewe. Imekamilika."

"Daftari lako linasema imekamilika. Kinywa chake kinasema hapana."

Alifungua kiooni barua iliyofika alfajiri kutoka kwa wenzetu wa Mongolia. Huko, kwenye nyika zao, walikuwa wamegundua mfuko mmoja wa ngozi wa kuchachushia maziwa ya farasi, umefichwa nyuma ya jiko la familia ya wafugaji. Aina arobaini na sita ndani yake. Walilia kwa furaha. Wakamtuma mkaguzi wa zamani aende kuuomba, kwa sababu alikuwa mtu wa ukoo huo. Wenyeji wakamkaribisha, wakampa kata, akanywa, akaichovya tena mfukoni kujiongezea.

"Siku ya tatu ilibaki aina moja tu mfukoni," alisema Mukoya. "Yake."

Aliizima barua. "Ule ndio ulikuwa mfuko wa mwisho tuliokuwa tukiujua duniani. Sasa kuna hiki kibuyu. Akikataa kukitoa, nina polisi wawili nje."

"Ukimpelekea polisi, kitakuwa motoni kabla hawajafika mlangoni. Namjua. Na hata ukikipata, utapata lita mbili. Bila yeye kutuonyesha kibuyu kinatunzwaje, utakuwa umeokoa vitanda viwili."

"Basi nenda wewe. Lakini Mama..."

"Najua," nikamwambia. "Sitakigusa kwa mdomo."

*

Gari la hospitali halina dereva. Niliketi mbele peke yangu, nikalitajia kijiji, likaanza kupanda vilima vya Nandi likipita katikati ya chai. Safari ya saa moja na nusu. Nilishika rozari ambayo si ya dhehebu langu. Mgonjwa mmoja aliniachia, na vidole vyangu vinahitaji kazi ninapoomba.

Nieleze jinsi ilivyokuwa.

Miaka ishirini iliyopita tulikuwa na homa ya maziwa. Iliua wanaume wenye nguvu ndani ya mwezi. Mume wangu, Kipsiele, alitoka kumtembelea mama yake wakati wa mavuno, akakaa nami mjini wiki tatu akinywa maziwa mabichi ya asubuhi niliyomnunulia, kisha akaanguka. Kaburini, mbele ya ukoo mzima, nilimgeukia mama yake nikasema: "Ni kibuyu chako kilichomuua." Alichukua udongo, akautupa kaburini, akaondoka. Tangu siku ile hakunipa maziwa tena, wala mimi sikuyaomba.

Nilikuwa mfuaji wa shuka hospitalini. Nilijiandikisha masomo ya jioni, mwanamke wa miaka thelathini na mbili kati ya vijana walionicheka nikishika hadubini kinyume. Mara ya kwanza kuona bakteria wakiogelea kwenye tone la maziwa, nilimshukuru Mungu kwa kunionyesha uso wa adui yangu. Sikujua bado kwamba kwenye tone lile adui alikuwa mmoja na majirani wema walikuwa thelathini.

Kisha ikaja Mbegu Moja. Wataalamu walitengeneza bakteria mmoja anayechachusha maziwa vizuri, na wakampa silaha: popote alipoingia, aliua kiumbe kingine chochote kilichokuwa humo, cha homa na kisicho cha homa. Mamlaka ya Maziwa ikapitisha sheria kwamba kila kibuyu kitiwe Mbegu. Watu wakaficha vibuyu vyao kwenye dari na kwenye magunia ya mahindi. Kibuyu cha Mkalenjini ni urithi. Kimesuguliwa mkaa na bibi wa bibi yake, na kila nyumba ina ladha yake.

Ndipo Mamlaka ilipopata njia ya upole. Sisi wakaguzi tulitiwa matone mdomoni, siku saba, ya mbegu kali zaidi iliyovikwa ganda gumu, ili iishi kinywani mwetu mpaka kufa. Hatukuhitaji kupekua nyumba ya mtu. Tulihitaji kuwa wageni tu. Hakuna nyumba huku milimani inayomnyima mgeni maziwa, na mgeni wa heshima hunywa kwenye mdomo wa kibuyu chenyewe.

Nilitembelea nyumba mia nne na kumi na mbili. Niliinamisha kichwa, nikaibariki nyumba, nikanywa, nikapangusa povu. Siku ya tatu kibuyu kilikuwa kimekufa na wenyewe hawakujua. Waliona ladha imekuwa moja kila mahali. Wengine walilaumu mkaa, wengine kijicho cha jirani. Na nilikuwa nikiomba kwa moyo wangu wote kabla ya kunywa! Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Siwezi kusema uongo: homa ilikoma. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyezikwa kwa homa ya maziwa. Nililala vizuri.

Miezi minne iliyopita kirusi kimoja, kisichomdhuru binadamu, kilijifunza kula Mbegu Moja. Kikaila kwenye matangi, kikaila kwenye matumbo. Sisi wazee tulikuwa na mabaki ya viumbe wa utotoni waliojificha ndani, wakashika kazi. Watoto hawakuwa na wa kushika. Mbegu ya wakaguzi ndiyo pekee ambayo kirusi hakikuweza kuitoboa ganda. Walijaribu kuipanda kwa watoto watatu. Ilifukuza kila kitu, haikulisha kitu. Wakafa wote watatu.

Na nyumba ya Tapsubei? Siku ile nilibisha, nikakaribishwa, na akaniletea chai ya rangi. Chai! Mke wa mwanawe, mgeni wa serikali, mbele ya mwenzangu wa kazi. Niliinywa nikiwa nimeinamisha uso, na tulipotoka nikaandika daftarini: imekamilika. Niliona aibu kuandika kwamba nilinyimwa.

*

Nilimkuta kwenye kiti kifupi mbele ya nyumba, jicho la kushoto limefunikwa pamba, akichonga kijiti cha ukindu.

"Chamgei, Mama."

"Chamgei." Hakuinua kichwa. "Nani? Jicho moja limefungwa, na hili jingine linakataa kuamini."

"Ni Priskila."

"Priskila yupi? Yule wa sabuni?"

"Ndiye."

"Umenenepa. Serikali inalisha."

"Na wewe ulimi bado ni mkali."

"Ndilo jino pekee lililobaki." Akasogeza miguu ili nipate pa kukaa kwenye ngazi. "Nani amekufa? Hujawahi kuja bila maiti."

"Bado hajafa. Ni Cheruto, mtoto wa Cherono. Ana ugonjwa huu wa tumbo tupu."

Kisu kikasimama. Alinigeukia kwa jicho lake zima, na niliona kwamba hakujua.

"Niliwaona pale hospitalini," alisema taratibu, "wanabebwa kama nguo za kufuliwa. Nikasema, Mungu wangu, watoto wa nani hawa? Kumbe na wetu yumo." Akaweka kisu chini. "Mnataka kibuyu."

"Unajua?"

"Kijana mwenye kijiti cha taa aliniuliza mara nne ninakunywa nini. Nikamwambia maji. Mimi si mtoto."

Alisimama akijishika kiunoni, akaingia ndani. Nilisikia akisogeza magunia. Alitoka amekibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga: kibuyu cheusi, tumbo limeng'aa kwa kushikwa, kofia ya ngozi, shanga mbili zimebaki kwenye ukanda. Harufu ilifika kabla yake, ya moshi, uchachu na kitu kama mkate. Nilijikuta natokwa na mate, nikayameza kwa hofu.

"Unakikumbuka?"

Nilikikumbuka. Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na kibuyu chake, na kile kilikuwa cha Kipsiele.

"Vingine niliviacha vipasuke," alisema. "Hiki nimekilisha kila Jumamosi, miaka ishirini. Nakisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet, natia maziwa, nafunika, kama kwamba atakuja. Ndicho ulichosema kilimuua."

"Mama..."

"Ngoja. Umri wangu haungoji." Akaketi, akakiweka magotini. "Nilikaa na chuki na wewe mpaka ikawa fanicha ndani ya nyumba. Siku ile ulipokuja na kofia ya kijani ya serikali, nikakupa chai. Nilifurahi. Usiku ule sikulala kwa furaha, halafu kwa aibu. Mgeni hanyimwi maziwa, sembuse mke wa mwanangu. Nilikosa, Priskila. Leo tumalize. Nikinywa mimi, unakunywa wewe, halafu mimi tena, kwenye mdomo huu huu. Kisha kibuyu ni chako, mpelekee mtoto."

"Tumimine kwenye kikombe."

"Maziwa ya kupatana hayamiminwi kikombeni. Umekaa mjini mpaka umesahau?"

Alifungua kofia ya ngozi, akanywa, povu la kijivu likabaki juu ya mdomo wake. Akaninyooshea.

Nilikipokea. Kilikuwa na joto la mwili wake.

Nikinywa, ningesamehewa, na siku ya tatu kibuyu kingekufa, na Cheruto baada yake. Nikijifanya nimekunywa, midomo imefungwa, ningekipata kibuyu, lakini ningekuwa nimeuchezea msamaha wa mwanamke mzee mbele ya Mungu, kama nilivyochezea ukarimu wa nyumba mia nne. Na tone moja likigusa midomo yangu na kurudi, ingekuwa bure. Nikisema ukweli, angeweza kukipasua juu ya jiwe mbele ya macho yangu, na angekuwa na haki.

Nilimwomba Mungu anipe njia ya nne. Nilimwomba sana. Kuku alipita uani. Hakunipa.

Nikakirudisha magotini pake.

"Siwezi kunywa," nikasema.

Uso wake ulifungwa kama mlango. "Bado unaona ni uchafu."

"Hapana, Mama. Uchafu ni mimi. Mdomo wangu ndio ulioua vibuyu." Nikamweleza. Matone ya siku saba. Kuibariki nyumba. Kunywa. Siku ya tatu. Sikulia, maana niliona kwamba kulia kungekuwa kumwomba anihurumie.

Alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza aliuliza, kwa sauti ndogo, "Kwa Mama Zipora ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Alisema uliomba uongezewe. Aliringa mwaka mzima: mke wa marehemu Kipsiele amekunywa kwangu mara mbili! Maziwa yalipobadilika alidhani ni laana. Alikuja hapa kuniuliza amemkosea nani." Akakiinamia kibuyu. "Alikufa akiuliza."

"Niliomba niongezewe."

"Na kwa wale masista wa kanisani? Na kwa fundi cherehani?"

"Kote, Mama."

"Isipokuwa hapa."

"Hapa ulininyima."

Akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kibaya, kilichomtikisa mabega mpaka pamba ya jicho ikalegea. "Wakarimu wote wakauawa," alisema, "na mchoyo akaponea! Roho yangu mbaya ndiyo Mungu ameifanya ghala. Ai! Nitamwambia nini Zipora?"

Kicheko kikakatika. Alisimama na kibuyu, akaelekea kwenye jiwe la kusagia. Sikusogea. Nilifikiri, ndiyo, ni haki yake. Alisimama pale muda wa mtu kusoma sala nzima.

"Mtoto anaitwa Cheruto," alisema akiwa amenipa mgongo. "Hilo ni jina la mtoto wa njiani. Alizaliwa safarini?"

"Ndani ya ambulensi, Mama. Darajani."

"Mtoto wa njiani hanyimwi." Akakifunga kofia ya ngozi, akaikaza kwa vidole. "Wewe nakunyima. Mara ya kwanza nilikunyima kwa hasira. Leo ni kwa akili. Na hutakibeba. Nitakibeba mimi."

Kwenye gari alichungulia upande wa usukani. "Nani anaendesha?"

"Hakuna mtu."

"Basi kwa nini ukae mbele?"

Nikapanda nyuma, kwenye bodi la wazi, pamoja na gurudumu la akiba. Vumbi la vilima vya Nandi lilinijaa mdomoni njia nzima, na kupitia kioo niliona kichwa cha mama mkwe wangu kimeinamia kibuyu, kikikiongelesha.

*

Tapsubei alimlisha Cheruto mwenyewe, kwa kijiko cha mti. Nilitazama kutoka nje ya dirisha, nikiwa na barakoa mbili, maana aliwaambia wauguzi: "Huyo asivuke mlango."

Siku ya kwanza Cheruto alitapika. Ya pili alishika nusu. Siku ya nne, saa sita mchana, aliamka akakunja uso, akalia kwa sauti kwamba anataka chapati. Wodi nzima ilinyamaza kumsikiliza. Cherono aliketi sakafuni akafunika uso kwa aproni.

Wakati huo Mukoya alikuwa ameshasoma kibuyu. Aina thelathini na nane. Alinieleza akizungukazunguka kwenye chumba cha vipimo kama mtu aliyelewa. Kirusi kilikuwa kimeingia kibuyuni tayari, kimeletwa na upepo au na mkono wa mtu; kilimla bakteria mmoja, na ndugu zake wawili wakaichukua kazi yake siku ile ile. Chachu ziliwalisha bakteria, bakteria wakawalinda chachu, na vitundu vya ukuta wa kibuyu, vilivyojaa mkaa, viliwahifadhi wadhaifu mpaka zamu yao ifike. Hapakuwa na mfalme humo ndani.

"Tukimpata aliye na nguvu zaidi kati ya hawa," alisema, "tukamzalisha kiwandani, katika wiki mbili..."

"Mmoja tena?" Ilikuwa sauti ya Tapsubei mlangoni. Alikuwa amekuja kuuliza kama wana sufuria safi.

Mukoya alitazama viatu vyake.

Ikafanyika kwa njia yake. Aliketi uani mwa hospitali chini ya bati, na akina mama wakamzunguka wakiwa na vibuyu vipya. Aliwafundisha kuchoma mti, kusaga mkaa, kusugua ndani kwa kijiti cha ukindu mpaka mkono uchoke, kisha akawamiminia kila mmoja kikombe cha kuanzia. "Usikioshe kwa sabuni," aliwaambia, "na usimpe mtu aliyewahi kuvaa kofia ya kijani." Wakageuka kunitazama. Nilikuwa ng'ambo ya ua, nikibeba kuni.

Watoto kumi na mmoja walikufa kabla vibuyu havijatosha. Nawajua kwa majina, nawataja asubuhi kabla sijawataja wangu.

Mwezi wa pili Mukoya aliniita tena kwenye kioo. Safari hii hakuwa na furaha.

"Kila mama mkwe wako anaposugua kibuyu, mkaa huacha utando mwembamba," alisema. "Tando hupandana. Mashine huzisoma kama pete za mti, mwaka kwa mwaka. Nilitaka kujua kama homa ya maziwa imewahi kukaa humo, kwa usalama wa watoto tu." Akaweka kidole kwenye mstari mmoja mweusi. "Huu ni mwaka aliokufa mumeo. Hakuna homa hapa. Hakuna chini yake wala juu yake. Kwa uchachu ule isingemaliza siku mbili, Mama. Ile homa iliishi kwenye maziwa mabichi. Yasiyochemshwa, yasiyochacha."

Meupe. Ya asubuhi. Niliyoyanunua mimi mwenyewe langoni kwangu mjini, nikamwambia mume wangu, kunywa haya, haya ni safi, achana na ya kibuyu.

Mukoya alinisogezea kiti. Sikukiona mpaka alipokishika na kukigusisha miguuni mwangu.

*

Nilipanda mlimani Jumamosi iliyofuata. Uani kwa Tapsubei palikuwa na watoto watano wakikimbiza mbuzi, Cheruto kati yao, magoti yamerudi kuwa na nyama. Cherono alikuwa amehamia huko na mwanawe.

Nilimwambia mama mkwe wangu nikiwa nimesimama. Nilimweleza tando na mwaka. Nilimweleza maziwa ya mjini.

Alikuwa akisugua kibuyu. Hakuacha.

"Ulidhani sijui?" alisema. "Mwanamke anajua anachomlisha mwanawe."

"Kwa nini hukusema kaburini?"

"Ungeniamini?" Kijiti kilizunguka ndani, kikikwaruza. "Na ungejua siku ile kwamba ni mkono wako, na Cherono ana miaka minne mgongoni, ungejinyonga. Nikasema, acha anichukie mimi. Chuki inamweka mtu hai."

Niliinama nikaokota chembe za mkaa zilizodondoka miguuni pake.

"Keti," alisema. "Kuna chai."

Cherono aliniletea. Kikombe changu kinatundikwa peke yake kwenye msumari, kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio ili watoto wasikosee. Chai ya rangi, moto, sukari kidogo. Niliinywa. Watoto walikuja kupokea maziwa yao, wakapanga foleni, na bibi yao mkuu akawashikia kibuyu cha Kipsiele mmoja mmoja wakinywa kwenye mdomo wake.

Cheruto alipomaliza hakukiachia. Alikibeba kwa mikono miwili, akajikokota nacho hadi nilipokuwa, akakiinua mbele ya uso wangu. Povu lilikuwa puani mwake.

"Kogo, bibi yangu, na wewe kunywa."

Cherono alipiga hatua. Mama mkwe wangu alimzuia kwa mkono. Niligeuza uso pembeni ili hata pumzi yangu isikiguse.

"Kwa nini hataki?" Cheruto akawauliza wengine. "Mbona kila mtu anakunywa?"

Tapsubei alinitazama kwa macho yake yote mawili. La kushoto lilikuwa limepona.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Leo atakwambia. Yote."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia mtoto akirudishe kwanza kibuyu kwa bibi yake, kisha akae ngazini, mbali kidogo. Alikaa, akakunja mikono akingoja hadithi. Nikaanza na nyumba ya kwanza, ya Mama Zipora, ambapo niliomba niongezewe.